Maisha ya Idi Amin, Bondia Aliyewaondoa Waamuzi

Katika bweni letu hakuna jambo linaloleta kelele nyingi baada ya chakula cha jioni kama ubishi juu ya mabondia wa uzito wa juu. Mmoja husema kwamba Joe Louis, aliyeushika ubingwa wa dunia tangu 1937 hata 1949 na kuutetea mara 25, angalimwangusha Mike Tyson. Mwingine huruka kitandani na kusema kwamba Tyson, aliyeupata ubingwa mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 20 tu, asingalimpa Louis nafasi hata ya kuvuta pumzi. Wa tatu humtaja Muhammad Ali, na hapo kelele huzidi mpaka mwalimu wa zamu aje kutuamuru tuzime taa. Mabondia wale hawakukutana ulingoni, kwa maana Louis alikuwa amekwisha kustaafu zamani kabla Tyson hajazaliwa. Kwa sababu hiyo ubishi wetu una faida moja kubwa, nayo ni kwamba hakuna mtu awezaye kushindwa.

Wala sisi si wa kwanza kubishana hivi. Mwaka 1969 huko Marekani, Ali aliingizwa ulingoni pamoja na Rocky Marciano, bingwa wa zamani aliyestaafu bila kushindwa hata mara moja katika mapigano 49. Wakaigiza raundi nyingi mbele ya kamera, na kompyuta ikapewa habari zao ili iamue ni nani angalishinda. Filamu ile ilipoonyeshwa Januari 1970, ushindi ulikuwa wa Marciano katika raundi ya 13. Lakini Marciano hakuuona ushindi wake, kwa kuwa alikufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969.

Mimi nami nilikuwa na pigano langu nililolipenda. Nilipenda kuwapambanisha Muhammad Ali na Idi Amin. Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi nilivyoacha kulipenda, na kwa kufanya hivyo nitasimulia maisha ya Amin, mtu ambaye jina lake wazee wetu hawawezi kulisikia bila kutikisa kichwa.

Jumamosi moja ya mwezi Juni, upepo wa baridi wa Ufipa ulipokuwa ukivuma vumbi barabarani, tulikwenda watatu kwa fundi viatu mmoja hapa Katandala. Ni mzee mpole anayekaa na koti lake zito tangu asubuhi mpaka jioni. Tulipokuwa tukingoja viatu vyetu, niliwahadithia wenzangu kisa kimoja kwa kicheko kikubwa. Niliwaambia kwamba mwaka 1978, wakati wa mgogoro wa Kagera, Amin alimwalika Mwalimu Nyerere wapigane ngumi wao wawili ili askari wasife. Mwamuzi awe Muhammad Ali, na kwa kuwa Mwalimu alikuwa mtu mdogo mwenye mvi, Amin alikuwa tayari kupigana mkono mmoja umefungwa nyuma, na miguuni amefungiwa vitu vizito. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Yule mzee hakucheka. Aliacha kushona, akaniuliza ni nani aliyetakiwa kuwa mwamuzi. Nikamjibu tena kwamba ni Muhammad Ali. Ndipo akaniuliza ni nani aliyekuwa mwamuzi katika Uganda kabla ya siku ile. Sikuwa na jibu. Akaendelea kushona, na baadaye akatuambia kwa maneno machache kwamba yeye alikwenda vita ile akiwa mgambo, na kwamba walitoka kijiji kimoja wawili, akarudi peke yake. Hakutwambia zaidi. Tulilipa, tukarudi shuleni kimya. Juma lile lote swali lake lilikaa nami, nikaenda maktaba kutafuta jibu.

Idi Amin alizaliwa yapata mwaka 1925. Baba yake alikuwa Mkakwa, na asili yake ni Koboko, kaskazini-magharibi ya Uganda, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Alipata elimu kidogo sana. Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la Waingereza la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, na kazi yake ya kwanza ilikuwa msaidizi wa mpishi. Lakini alikuwa mtu wa kimo cha ajabu, karibu meta 1.93, mwenye nguvu na mbio, na maofisa Waingereza walipenda michezo. Hapana shaka macho yao hayakukaa mbali naye. Alicheza raga na kuogelea, ila mchezo uliompa jina ulikuwa ngumi. Kumbukumbu zasema kwamba alikuwa bingwa wa Uganda tangu 1951 hata 1960.

Hapa nilijifunza jambo ambalo sisi bwenini hatukulijua. Ubingwa wa Amin haukuwa wa uzito wa juu kabisa, bali wa uzito ulio chini yake, ambao katika ngumi za ridhaa kikomo chake kilikuwa kilo 81. Mwaka 1960, katika michezo ya Olimpiki ya Roma, kijana wa miaka 18 aitwaye Cassius Clay alipata medali ya dhahabu katika uzito huo huo. Kijana yule ndiye aliyeitwa baadaye Muhammad Ali. Kwa hiyo pigano langu la bwenini halikuwa upuzi mtupu. Mizani moja ingaliwapokea wote wawili mwaka ule, mmoja akianza safari yake, na mwingine, mwenye miaka ipatayo 35, akimaliza yake.

Nilipofika hapo nilifurahi, nikataka kukimbia bwenini kuwaeleza wenzangu. Lakini nilikumbuka swali la mzee, nikaendelea kusoma.

Fikirini, ndugu wasomaji, ngumi ni mchezo wa namna gani. Mtu akimpiga mwenziwe barabarani hukamatwa na polisi, lakini akimpiga ulingoni hupigiwa makofi. Nguvu ni ile ile. Tofauti yao ni sheria. Kwanza kuna mizani, ili mkubwa asipewe mdogo. Kuna glovu, kuna kengele, na kuna mstari wa mkanda usiopigwa chini yake. Juu ya yote kuna mwamuzi, ambaye mara nyingi ni mtu mwembamba asiyeweza kushindana hata na mmoja wa wale wawili, na hata hivyo akiweka mkono wake katikati, wote wawili hurudi nyuma. Kwa muda wa miaka tisa Amin aliitii sheria hiyo, akapata heshima. Nje ya ulingo mambo yalikuwa mengine.

Katika jeshi alipanda cheo upesi. Mwaka 1959 alifanywa efendi, cheo kikubwa kuliko vyote alichoweza kupewa Mwafrika katika Keya wakati ule, na mwaka 1961 akawa Luteni, mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uofisa. Mwaka 1962 kikosi chake kilitumwa kuzuia wizi wa mifugo upande wa Turkana, na askari wake wakashutumiwa kwamba waliwatesa na kuwaua wafugaji. Lilikuwa jambo la kumpeleka mtu mahakamani. Lakini uhuru wa Uganda ulikuwa umekaribia, na wakubwa waliona vibaya kumshtaki ofisa Mwafrika siku zile. Gavana wa Kiingereza alimtaka shauri Bwana Milton Obote, aliyekuwa Waziri Mkuu, na Amin akapewa karipio tu. Mimi naona hiyo ndiyo raundi ya kwanza. Alipiga chini ya mkanda, na mwamuzi akatazama kando.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Mwezi Mei 1966, Obote alipogombana na Kabaka Mutesa, Amin ndiye aliyeongoza jeshi kuivamia ikulu ya Mengo, na Kabaka akakimbilia Uingereza, akafa huko mwaka 1969. Obote alidhani amepata mtu wa kumpigania. Lakini aliyezoeshwa kupiga bila kuzuiwa hachagui wa kumpiga. Tarehe 25 Januari 1971, Obote alipokuwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alipindua serikali yake. Watu wengi wa Kampala walishangilia barabarani. Mwalimu Nyerere alikataa kuitambua serikali hiyo, akampa Obote hifadhi katika Dar es Salaam.

Sasa nalijibu swali la mzee. Katika nchi, waamuzi ni bunge, na mahakama, na watu wa dini, na wote wenye ujasiri wa kumwambia mtawala kwamba amekosa. Amin aliwaondoa mmoja baada ya mwingine. Bunge alilivunja mwezi Februari 1971, akatawala kwa amri zake mwenyewe. Tarehe 21 Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na watu wenye silaha katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, siku chache baada ya kuamuru aachiliwe mtu aliyefungwa kinyume cha sheria. Hakuonekana tena. Mwezi Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyekuwa amepeleka malalamiko kwa maandishi pamoja na maaskofu wenziwe, alikamatwa, akafa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Watu waliouona mwili wake waliona matundu ya risasi. Na hao ni wale wenye majina makubwa. Makadirio ya watu waliouawa katika utawala ule yaanzia 80,000, na mengine hufika 300,000 na kupita. Mwezi Agosti 1972 aliwaamuru pia watu wenye asili ya Asia waondoke kwa muda wa siku 90, na makumi ya maelfu wakaziacha nyumba na maduka yao.

Hapa wapenzi wa ngumi watazame jambo moja zaidi. Muhammad Ali alipokataa kuingia jeshini mwaka 1967, alinyang'anywa ubingwa wake, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana, tena katika miaka ya ujana wake. Alikuwa mpigaji mkubwa kuliko wote duniani, lakini hakumgusa jaji hata mmoja. Alipeleka shauri lake mahakamani, akangoja, na mwezi Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki. Mwaka ule ule Amin alikuwa akianza kutawala. Kilo 81 zilikuwa zimewaweka mahali pamoja mwaka 1960. Mwaka 1971 walikuwa mbali sana.

Ulingoni mtu hawezi kujivika mkanda wa ubingwa pasipo mpinzani. Amin alijivika. Mwaka 1975 alijifanya Jemadari Mkuu, na mwaka uliofuata akatangazwa kuwa Rais wa maisha. Alijiita pia mshindi wa himaya ya Waingereza, ingawa hakuna mtu aliyeliona pigano hilo. Siku hizo jeshi lake lenyewe lilikuwa likigawanyika, na bidhaa zilikuwa zimeadimika madukani.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wake waliingia Tanzania, wakaliteka eneo lililo kati ya mto Kagera na mpaka. Wakaua watu, wakateka ng'ombe, wakaharibu nyumba, na daraja la Kyaka likavunjwa. Maelfu ya wananchi walikimbia wakiwa na watoto na mizigo kichwani. Katika majira hayo ndipo Amin alipotoa ule mwaliko wake wa kupigana ngumi. Nami nilikuwa nimeucheka mbele ya mtu aliyemwacha mwenzake huko.

Uchunguzeni mwaliko ule kwa sheria za ngumi. Mwenye kualika alikuwa bingwa wa zamani, mrefu, mwenye mwili ulionenepa kupita ule wa ujana wake. Aliyealikwa alikuwa mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka 56, mwembamba, ambaye hakupata sifa kwa ngumi. Mizani peke yake ingalilikataa pigano hilo. Tena mtu aliyewaondoa waamuzi wote wa nchi yake alikuwa sasa akiomba mwamuzi kutoka Marekani. Mwalimu hakuingia katika mzaha huo. Tarehe 2 Novemba 1978 alilihutubia taifa, akaeleza kwamba tutampiga, na kwamba sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo.

Jeshi letu likaongezwa kwa askari, polisi, magereza na mgambo kutoka mikoa yote, na yule fundi viatu wetu akiwemo. Adui alifukuzwa Kagera, kisha vita vikaingia Uganda, na Waganda waliokuwa wakimpinga Amin wakapigana pamoja na majeshi yetu. Masaka ilichukuliwa mwezi Februari 1979. Mwezi Machi, huko Lukaya, walishindwa hata askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Bingwa hakuwepo. Alikuwa amekwisha kukimbia, kwanza Libya, kisha Saudi Arabia. Hakusimama ulingoni hata kuhesabiwa.

Ushindi ule ulitugharimu sana. Askari wengi wa Tanzania waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na nchi yetu iliulipa mzigo wa fedha za vita kwa miaka mingi. Simwulizi tena mzee wetu habari za mwenzake.

Liko jambo moja la kustaajabisha katika mwisho wa hadithi hii. Mwezi Februari 1980, yule aliyetakiwa kuwa mwamuzi alifika kweli Dar es Salaam. Muhammad Ali alitumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani kuzishawishi nchi za Afrika zisiende katika Olimpiki ya Moscow. Mwalimu hakukubali kuonana naye, maana aliona si heshima kuletewa mwanamichezo katika shauri la serikali. Tanzania ilikwenda Moscow, na huko Suleiman Nyambui na Filbert Bayi wakapata medali za fedha. Kwa hiyo Mwalimu hakupigana na bondia wa Kampala, wala hakukutana na mwamuzi aliyetajwa, na mambo yote mawili yaliamuliwa kwa njia nyingine.

Mwalimu aliacha urais kwa hiari yake mwaka 1985, akafa London tarehe 14 Oktoba 1999, na taifa zima likalia. Amin alikaa Jeddah miaka mingi, akafa huko tarehe 16 Agosti 2003 bila kusimama mbele ya mahakama yo yote. Baadhi yetu huona kwamba aliponyoka. Mimi nadhani alikosa jambo moja ambalo hata bondia aliyeshindwa hulipata, yaani kushuka ulingoni watu wakijua kwamba amepigana kwa haki.

Nimebakiwa na jambo langu mwenyewe, na mwalimu wangu ameniruhusu kulieleza. Mimi ni mkubwa wa mwili kuliko wote katika bweni letu. Mwaka jana, maji yalipokuwa haba, niliwaamuru wadogo wa kidato cha kwanza wanichotee maji, na mmoja alipokataa nilimpiga usiku, taa zikiwa zimezimwa. Hakunishtaki, nami nilidhani kwamba nimeshinda. Hata nilipokuwa nikimsifu Idi Amin, naona sasa kwamba nilikuwa nikijisifu mimi. Yule mtoto hakuwa na kilo hata 45, na hapakuwa na mwamuzi.

Baada ya kumaliza kusoma habari hizi nilikwenda kwake nikamwomba radhi mbele ya wenziwe. Hakusema mengi. Alisema amesikia, kisha akachukua ndoo yake akaenda bombani, nami nikachukua yangu nikamfuata. Kwa mwalimu wa bweni nilikwenda mwenyewe, nikapewa adhabu yangu, nikaimaliza.

Usiku bado tunabishana. Wakiniuliza leo kati ya Ali na Amin ni nani angalishinda, nawajibu kwamba raundi tatu za mwaka 1960 ningalipenda sana kuzitazama, nami ningaliweka shilingi yangu kwa kijana wa miaka 18. Baada ya mwaka huo siwapambanishi tena. Joe Louis na Tyson, hao tutaendelea nao mpaka mwalimu wa zamu aje.